Simba wa Shingoni

Asubuhi ya mazishi ya Chisanga, Kaoma mwenye duka la baiskeli alifika nyumbani kwa Pierrette kabla majivu ya jana hayajazolewa jikoni. Hakubisha hodi. Alivuta kiti cha pekee chenye mgongo, akakipangusa kwa leso, akakipangusa tena kana kwamba aliyekikalia mwisho alikuwa na upele, kisha akaketi. Gustave, mume wa Pierrette na fundi wa Kaoma kwa miaka mitatu, alibaki amesimama ndani ya nyumba yake mwenyewe.

“Banazika saa ine,” Kaoma alisema. “Lakini Mwaba, kaka mukubwa ya Chisanga, anataka sanduku itembee kwanza.”

Pierrette alikuwa anamenya muhogo. Kisu kikasimama. Miaka sita tangu wavuke kutoka Congo ilikuwa imemtosha kujua maana ya maneno hayo. Kwenye ukingo huu wa ziwa Mweru, upande wa Zambia, mtu akifa kifo kinachowachoma ndugu zake, wanaume wanne hulitwika jeneza mabegani kabla halijaenda makaburini, nao huliacha liende linakotaka. Wanasema maiti ndiye anayewasukuma. Jeneza hurudi nyuma, huyumba, hugeuka, halafu hugonga mlango wa yule aliyeua. Serikali imekataza jambo hilo. Jeneza halisomi matangazo.

“Ikikuja hapa,” Kaoma aliendelea, akimtazama Gustave viatu, “weye sema ulisahau kukaza nati. Makosa ya mukono. Batakupiga makofi mbili, polisi batakuchukua, mimi nitakutoa. Unga mifuko ine nitaleta hapa kwa mama. Na kazi yako iko.”

“Na ikikuja kwako?” Pierrette aliuliza.

“Kwangu kuko kufuli, mama.”

Gustave alikohoa. “Haikukuwa nati, patron. Ilikatika ku shingo. Ile ufa nilikuonyesha.”

“Ulinionyesha nini?”

Gustave akatazama mikono yake.

“Nauliza. Ulinionyesha nini, siku gani, nani alikuwako?” Kaoma alicheka kidogo, akaikunja leso yake vizuri na kuirudisha mfukoni. “We Mukongomani. Batu bote ba Nchelenge bananiuliza nani anatengenezaka baiskeli ya Inkalamo, nabaambia Gustave. Weye mwenyewe ulisimama ku kanisa ukashuhudia. Mungu amekupa mikono, unatengeneza kinga, baiskeli kamili. Leo mikono si yako tena?”

Alipotoka alikisukuma kiti kwa mguu, kikaanguka. Hakuna aliyekiinua.

*

Mji mzima uliamini kwamba Gustave ndiye anayetengeneza baiskeli, au kinga kama wanavyoziita watu wa huko. Ubao wa duka ulisema hivyo kwa rangi nyekundu: INKALAMO, SIMBA WETU, IMETENGENEZWA HAPA HAPA ZAMBIA. Wavuvi wa kisiwa cha Kilwa, humo ziwani, walishuka mtumbwini na kwenda moja kwa moja kumshika mkono. Yeye aliyefika na godoro moja na mtoto mgonjwa, ambaye karani yeyote angeweza kumsimamisha juani nusu siku kwa ajili ya karatasi, alikuwa ameipata sentensi moja ya kumfanya atembee kifua mbele. Mimi ndiye ninayezitengeneza. Hakuna aliyemlazimisha kuisema. Aliisema siku ya kwanza kwa mzaha, na ya pili ikamkaa mdomoni kama jino.

Pierrette alikuwa anajua. Baiskeli zilikuja na lori zikiwa ndani ya maboksi, vipande vipande, zikinuka plastiki, na kila boksi lilikuwa na maandishi yaliyosimama kama nyumba ndogondogo zenye madirisha, ambayo hakuna mtu kwenye ukingo ule aliyeweza kuyasoma. Gustave alikaza nati, akajaza upepo, akanyoosha spoki. Yeye Pierrette alibandika simba. Na simba mwenyewe alikuwa anatoka ndani ya boksi lilelile, kwenye kimfuko, amechapwa tayari pamoja na yale maneno ya kujivunia, hapa hapa Zambia. Karatasi za nyuma ya simba alimpa binti yao Joëlle afanyie hesabu za shule. Maboksi waliyapasua wakayapigilia juu kuwa dari.

Kumbandika simba kuna namna yake. Unamuweka shingoni, pale mabomba mawili ya fremu yanapokutana chini ya usukani, unabonyeza kwa dole gumba kuanzia katikati, unakwenda pembeni polepole mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki simba anavimba, mteja anamtilia shaka.

Miezi minne iliyopita Gustave alimletea fremu moja amekunja uso. “Huyu shusha kidogo,” alimwambia. “Kidole kimoja.”

“Juu ya nini?” Pierrette alitaka sababu.

“Shusha tu.”

Aliona ni kwa nini. Chini ya rangi mpya kulikuwa na mstari wa mastiki ya kuzibia nyufa, laini kama kovu la kisu, ukiizunguka shingo upande wa mbele. Alimshusha simba kidole kimoja. Alibonyeza kuanzia katikati.

Fremu hiyo ndiyo iliyonunuliwa na Chisanga, mchukuzi wa samaki. Siku ya Jumanne, akielekea Mwansabombwe na vikapu viwili vya samaki mkavu mgongoni mwa baiskeli, shingo ilikatika kwenye mteremko. Usukani ulibaki mikononi mwake. Mwili wake ukaenda chini ya lori.

*

“Toa ile ovaroli,” Pierrette alisema.

Ilikuwa ya buluu, zawadi ya Kaoma, na simba wa manjano kifuani. Gustave alikuwa anaifunga vifungo.

“Gustave, batakuua. Toa. Tupite nyuma, tuingie ku mashua, tukalale Kilwa.”

“Nikikimbia, ni miye nimeua.”

“Basi ubaambie ukweli. Sema unafungaka paka boulons, zile nati tu. Sema bintu binatoka mbali, weye hujui hata nani anabitengeneza.”

Alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. “Miaka tatu, Pierrette. Miaka tatu batu bananiitaka fundi. Nitoke niseme miye ni wa kufunga boulons?”

“Ee. Useme vile.”

“Kaoma njo mwenye atasema. Ni mutu wao, batamusikia.”

“Kaoma alikwambia ubebe kesi kwa mifuko ine ya unga. Hukusikia?”

Gustave alifunga kifungo cha juu kabisa, kile kinachobana koo.

Joëlle alishapelekwa kwa jirani. Kutoka kwenye uzio wa nyasi Pierrette aliweza kuliona duka la Kaoma ng’ambo ya barabara, mlango wa chuma, kufuli mbili. Halafu akasikia nyimbo, halafu hakusikia nyimbo tena, ila miguu. Jeneza lilikuja likiyumba. Wanaume wanne walikuwa wamelowa jasho, shingo zimepinda, mmoja wao ni Mwaba mwenyewe, mpana, mfanyabiashara wa samaki aliyeuza mpaka ng’ambo ya ziwa. Nyuma yao mtu alikokota ile baiskeli iliyokatika. Nyuma zaidi watu, wengi kuliko aliowahi kuwaona msibani.

Jeneza liligonga mlango wa Kaoma. Likarudi hatua tatu, likagonga tena, na chuma kikalia mpaka sokoni. Mawe yakaruka. Kioo cha juu kikamwagika. Ndani hakuna aliyejibu, maana Kaoma alikuwa ameshapita uani na gari lake kwenye njia ya Mansa. Umati ukasimama na hasira isiyo na pa kwenda. Hapo sauti ya mwanamke ikapaa kutoka nyuma:

“Huyu anauza tu. Anayezitengeneza anakaa pale, kwa Wakongomani.”

Wanaume wanne wakayumba. Jeneza likageuka.

*

Uzio wa nyasi ulianguka kama karatasi. Gustave alikuwa ametoka, amesimama katikati ya ua, simba kifuani. Jeneza likamjia mbio, likamgonga kifua, akarudi nyuma. Likamgonga tena, akakaa chini. Akainuka, akajipangusa vumbi. Hilo la kujipangusa liliwakera watu kuliko kitu chochote.

“Weye njo fundi wa Inkalamo?” Mwaba aliuliza kwa Kiswahili cha ziwani, bega lake bado likiwa chini ya ubao.

“Ni miye.”

“Na hii?” Wakaitupa ile baiskeli miguuni pake. Tairi la mbele lilikuwa peke yake, na damu iliyokauka kwenye mnyororo. “Nani alitengeneza hii?”

Pierrette alimwona mumewe akifungua mdomo. Aliona ukweli umefika mpaka kwenye meno. Kulikuwa na watu mia mbili uani pake, nusu yao waliwahi kumshika mkono, na wote walikuwa wanangoja neno lake kama ambavyo hakuwahi kungojewa maishani mwake.

“Ni miye,” Gustave alisema.

Kofi la kwanza lilikuwa la mkono mtupu. La pili lilikuwa la ubao. Baada ya hapo Pierrette hakuweza kuyahesabu. Walimpiga kwa kasia, kwa mateke, kwa lile tairi. Mtu alimkanyaga kichwa akakisugua chini kama anazima sigara. Mwingine alichukua spana kubwa kutoka kwenye sanduku la kazi la Gustave mwenyewe, akamwita mwenzake, wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya jiwe la kupondea muhogo.

“Ile mikono Mungu alikupa,” yule mtu alisema kwa upole. “Tuione.”

Vidole vinne vilivunjika kwa mapigo matatu. Sauti ya mifupa ilikuwa ndogo. Sauti ya Gustave ndiyo ilikuwa kubwa, haikuwa sauti ya mtu ambaye Pierrette alimjua.

Pierrette aliingia ndani. Kwa muda wa pumzi moja alitaka kujifungia, na mwili wake ulikuwa umeshaushika mlango. Halafu akachukua jembe, akakiinua kile kiti alichokiangusha Kaoma, akapanda juu yake, akaipiga dari. Alipiga na kuvuta. Misumari ilitoka, vumbi na mende vikamwagikia usoni, maboksi ya miaka mitatu yakashuka juu yake kwa vipande vikubwa. Aliyakumbatia yote aliyoweza. Kwenye meza alisomba karatasi za hesabu za Joëlle. Akatoka akipiga kelele kwa Kibemba chake kibovu, kile walichozoea kumcheka nacho sokoni, na leo hakuna aliyecheka.

“Someni! Alitengeneza yeye? Someni basi!”

Alijitupa juu ya mumewe pamoja na maboksi. Ubao mmoja ukampata mgongoni. Mwaba akasema, “Mungoje,” na mikono ikangoja.

Boksi lilipita kutoka mkono hadi mkono. Kila mtu aliligeuza juu chini akitafuta mahali pa kuanzia kusoma. Lakini picha haikuhitaji shule. Ilikuwa ni baiskeli moja, ileile, imechorwa mara tatu, na shingoni mwa kila moja mnyama wake: simba, tembo, twiga. Chini ya simba bendera ya Zambia. Chini ya wengine bendera za watu wengine.

Wabebaji walikuwa wamelitua jeneza; Mwaba aliishika karatasi ya Joëlle. Upande mmoja, saba mara nane. Upande wa pili, maandishi yenye madirisha.

“Hii ni nini?”

“Ni mugongo wa simba,” Pierrette alisema akihema. “Ile yenye kubandika. Hata simba anatokaka mu boksi, ba Mwaba. Hakuna kitu kinatengenezwa hapa. Bwana yangu anafungaka boulons. Tangu zamani, paka boulons.”

Gustave alikuwa hai. Alikuwa amelala shavu kwenye mchanga, na aliposikia maneno hayo alifunga macho, si kwa maumivu ya mkono.

“Alisema ni yeye,” Mwaba alisema.

“Alisema bongo, si kweli. Alikuwa anapenda mumuite fundi.”

Mnong’ono ulipita. Mambo yangeweza kuishia pale. Watu walianza kutazama upande wa duka, na Pierrette aliona njia nyembamba ya kutoka kwenye asubuhi ile wakiwa wote watatu hai. Ndipo Misozi, mjane wa Chisanga, akapita kati ya wabebaji. Alikuwa mwanamke mdogo, kichwa kimefungwa kitambaa, na nguo zake zilinuka samaki mkavu bado, kwa kuwa ndiye aliyeifunga mizigo ile ya Jumanne. Alichuchumaa mbele ya baiskeli, akamgusa simba kwa ukucha. Nusu ya simba ilikuwa huku, nusu kule. Chuma kilikatika katikati ya mwili wake.

“Simba wengine dukani wanakaa juu,” alisema kwa Kibemba, polepole. “Nilikwenda jana kuwaangalia. Wote wanakaa juu. Huyu wetu kwa nini yuko chini?”

Aliingiza ukucha chini ya ukingo wa simba, akavuta. Simba akatoka kama ngozi ya kidonda. Chini yake ilikuwa mastiki ya kijivu, na ndani ya mastiki ufa wa zamani, wenye kutu. Kutu haiingii kwa siku mbili. Kila mvuvi pale alijua.

“Nani alibandika?” Misozi aliuliza.

Gustave akainua kichwa. Damu ilimtoka puani na mdomoni pamoja. “Miye,” alisema. “Ni miye.”

Ulikuwa uongo wake wa pili siku hiyo, na huu hakuusema kwa ajili ya kuitwa fundi. Pierrette alimtazama. Angeweza kuuacha usimame. Mtu ambaye vidole vyake vimeshavunjwa, watamvunja nini tena? Alijua jibu: kuna vingi vya kuvunja ndani ya mtu, na yule wa spana alikuwa bado hajaiweka chini.

“Ni miye,” Pierrette alisema. “Yeye hajui kubandika, hewa inabakiaka.”

“Uliuona ufa?”

“Niliona mastiki.”

“Ukajua?”

“Nilijua.”

Misozi aliuchukua mkono wa Pierrette wa kulia, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka maji. Alikikunjua kidole gumba. Akakiweka juu ya bomba lililokatika, pale chuma kilipobaki na meno, akaweka viganja vyake viwili juu, na akaegemea kwa uzito wake wote. Pierrette alisikia chuma kikifika kwenye mfupa. Hakuutoa mkono. Walitazamana hivyo, wanawake wawili wamepiga magoti kwenye mchanga, mpaka Misozi akauachia, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Mwaba aliwaambia wabebaji kwamba jeneza limekuwa zito, marehemu sasa anataka kupumzika. Wakalitwika kwa kazi. Halikuyumba tena, lilikwenda makaburini moja kwa moja. Vijana hawakulifuata. Walikwenda dukani, wakavunja kufuli zote mbili, wakamwaga petroli. Maboksi yaliwaka mchana kweupe, na moshi wa plastiki ukaenda juu ya ziwa mpaka waliokuwa majini wakageuza mitumbwi. Baiskeli zenyewe hazikuungua. Zilibaki zimesimama kwenye majivu, nyeusi, thelathini na kitu, bila simba hata mmoja.

*

Alasiri, kwenye baraza ya hospitali, konstebo alikuja na fomu. Gustave alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa vibao. Ovaroli waliikata kwa mkasi ili kumtoa.

Konstebo aliandika jina la marehemu, mahali, saa. Kisha akauliza, “Mutengenezaji wa baiskeli?”

Gustave aligeuza uso.

“We fundi, nakuuliza.”

“Si miye fundi,” Gustave alisema akitazama ukuta. “Nafungaka boulons.”

“Basi nani?”

Pierrette alitoa kifuani karatasi ya saba mara nane, akaigeuza. “Iko hapa. Andika vile iko.”

Konstebo aliweka karatasi pembeni ya fomu, akajaribu. Alichora kinyumba cha kwanza, ukuta, dirisha, akalowesha kalamu mdomoni, akarudia ukuta. Cha pili kilimshinda. Alikata mistari miwili juu yake, akaonekana kuona aibu, kisha akakasirika kwa sababu ya ile aibu.

“Siwezi kuacha wazi hapa,” alisema. “Mukubwa atanirudishia.” Akaandika haraka, kwa herufi kubwa: GUSTAVE.

Pierrette alisoma herufi moja moja. Kidole chake gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Alikiweka juu ya jina la mumewe, katikati. Akabonyeza, akaenda pembeni polepole, huku na huku, kama anavyojua.

“Mama, unaharibu fomu ya Serikali.”

“Leta ingine,” alisema, na hakukiondoa.